Muulize Fundi: Soma Karatasi Kabla Boneti Haijafunguliwa

Kila mwisho wa mwezi simu yangu hujaa picha za karatasi: makadirio ya sevisi, risiti zilizokunjwa mara nne, hesabu ya fundi iliyoandikwa nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Swali huwa lilelile. Je, hii ni haki, au nimepigwa?

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi nilizaliwa Kisauni, lakini riziki yangu imekuwa Nairobi. Kwa miaka 11 nilikaa mapokezi ya sevisi katika kampuni moja inayouza magari mapya, kazi yangu ikiwa kuandika makadirio. Sasa nina gereji yangu nyuma ya Enterprise Road, nafasi ya magari manne. Ile karatasi ya bei naijua tangu inapoanza kuandikwa.

Mama Fundi, nina gari dogo nililolinunua likiwa jipya mwaka mmoja na nusu uliopita. Waranti, yaani dhamana ya kampuni, ni ya miaka 3 au kilomita 100,000. Nimefikisha kilomita 20,000, na kampuni imenipa makadirio ya shilingi 46,516. Nilipouliza kama kuna cha kupunguza, kijana wa mapokezi aliniambia nikikataa chochote, waranti inakufa. Mume wangu anataka tuhamie gereji ya mtaani. Nakutumia picha ya karatasi. — Mwalimu, South B

Mwalimu, usihame. Bado. Gari likiwa ndani ya waranti, muhuri wa kampuni kwenye kitabu cha sevisi ni mali. Siku giaboksi ikikataa kabla ya wakati wake, muhuri huo ndio utakaokusemea. Lakini kubaki na kampuni ni jambo moja, na kukubali kila mstari wanaouandika ni jambo jingine. Yule kijana ameyachanganya.

Fungua kile kitabu kilicho kwenye kidroo cha dashibodi, ambacho wengi wetu hatukigusi tangu siku ya kuchukua gari. Ndani kuna jedwali: juu kilomita na miezi, pembeni majina ya vitu, katikati herufi. Herufi moja ni ya kukagua, nyingine ya kubadilisha. Waranti inataka ufuate jedwali hilo. Liweke mezani kando ya makadirio, uchukue kalamu. Mimi nilikaa na karatasi yako jana usiku, kwa hiyo twende mstari kwa mstari.

Oili lita 4 kwa 6,800, filta ya oili 1,650, na washa ya nati ya kumwagia oili 150. Lipa. Bei iko juu kuliko ya mtaani, lakini hiyo ndiyo sevisi yenyewe. Hata ile washa ya 150 usiikatae. Ni kipete kidogo kinachobanwa na nati hadi kinabonyea, na kikitumiwa mara ya pili nati huanza kutoa jasho la oili.

Kusafisha injini ndani, 2,800: kata. Injini ya mwaka mmoja na nusu iliyobadilishwa oili kwa wakati haina matope ya kusafishwa. Dawa ya kusafisha injekta, zile zinazonyunyizia injini mafuta, 3,200: kata. Tafuta vitu hivyo viwili kwenye jedwali lako. Vikiwa havimo, waranti haina habari navyo.

Alaimenti na balansi, yaani kunyoosha na kusawazisha magurudumu, 5,000. Hapa nakuuliza wewe. Ukilegeza mikono kidogo kwenye barabara iliyonyooka, gari linavuta upande? Usukani unatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa? Tairi linalika upande mmoja? Kama majibu yote ni hapana, kata. Kama uliwahi kutumbukia kwenye shimo ukasikia mgongo umeitika, fanya, lakini ulizia bei kwenye duka la matairi kwanza.

Huduma ya breki, 4,500. Kukagua breki kumo tayari ndani ya ile 7,500 ya ufundi iliyo kwenye karatasi yako, ambayo utailipa. Waambie wakague, kisha wakuandikie kwenye karatasi unene wa pedi kwa milimita. Pedi mpya huwa na kama milimita 10. Ikikaribia 3, ndipo tuzungumze kubadilisha. Fundi akikwambia pedi "zimeisha" bila kutaja namba, mwombe namba.

Filta ya hewa ya injini, 3,400. Hii usiilipie kabla hujaiona kwa macho yako. Kifuniko chake hushikwa na klipu unazozifungua kwa vidole, bila spana. Itoe, igonge taratibu kwenye kiganja, kisha iinue ielekee jua na utazame kupitia mikunjo ya karatasi. Ukiona mwanga unapenya, filta bado inapumua. Ukiona giza la kahawia, imekwisha, hata kama jedwali linasema bado. Anayepita barabara ya vumbi kila siku filta yake hufa mapema kuliko ya anayeshinda kwenye lami. Jedwali likisema ibadilishwe kwenye 20,000, ibadilishe tu. Mimi nimeiacha kwenye hesabu yako.

Filta ya kabini, ile inayochuja hewa mnayoivuta ndani ya gari, 3,900. Hii nunua mwenyewe na uiweke mwenyewe. Kwenye magari mengi madogo iko nyuma ya kidroo cha dashibodi. Toa vitu vyote, bana pande mbili za kidroo, kitashuka chenyewe, na nyuma yake utaona kifuniko chembamba. Filta hutoka kama kitabu kwenye rafu: unaivuta tu. Tazama mshale wa njia ya hewa kabla ya kuitoa, na ile mpya uielekeze hivyohivyo. Wiki iliyopita nilinunua ya gari la aina yako Kirinyaga Road kwa 1,200. Hifadhi risiti na uandike tarehe na kilomita kitabuni.

Vifaa vidogo vidogo, 1,200, maana yake ni vitambaa na dawa ya kusafishia. Uliza ni nini hasa. Mara nyingi hupungua kwa anayeuliza, lakini tuihesabu yote.

Sasa hesabu. Bila VAT karatasi yako ilikuwa 40,100. Toa kusafisha injini, dawa ya injekta, breki, alaimenti na filta ya kabini, inabaki 20,700. Ongeza VAT ya asilimia 16, unalipa 24,012. Muhuri utapigwa palepale, kwenye ukurasa uleule.

Na nikuambie kwa nini nakata ile mistari miwili ya dawa bila kusita. Nimeiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye karatasi za watu mamia. Pale nilipofanya kazi tulikuwa na lengo la kila mwezi, na dawa za kusafishia zilihesabiwa peke yake kwa sababu faida yake ilikuwa kubwa na kazi yake dakika 10. Siku moja mama mmoja muuza mboga wa soko la Wakulima alilipa sevisi ya pikapu yake kwa noti za 50 na 100, akizihesabu mezani kwangu moja baada ya nyingine. Nikajua ni noti ngapi kati ya zile zilikuwa za dawa isiyo na kazi. Sijaisahau siku hiyo. Ndiyo maana naandika ukurasa huu.

Jambo moja la mwisho kwako. Mwezi mmoja kabla ya waranti kuisha, peleka gari ukiwa na orodha ya kila mlio, kila mtetemo, kila taa iliyowahi kuwaka ikazima. Hakikisha yote yameandikwa kwenye kadi ya kazi, yenye tarehe na kilomita, na uondoke na nakala. Tatizo lililoandikwa kabla ya waranti kuisha lina ushahidi. Ulilolisema kwa mdomo halina. Baada ya hapo, mwambie mumeo aitafute hiyo gereji ya mtaani, na mimi nitakuwa upande wake.

Nina Toyota Fielder ya 2012, injini 1NZ, kilomita 104,000. Fundi wangu hubadilisha oili kila miezi mitatu na huninunulia lita 5. Sasa anasema kwa vile nimepita 100,000 lazima tubadilishe taimingi belti, 14,000 pamoja na ufundi. Mke wangu ana mashaka. — Baba wa watatu, Kahawa West

Mshukuru mkeo. Injini ya 1NZ-FE haina taimingi belti, ule mkanda wa mpira unaooanisha mwendo wa vali na pistoni. Ina cheni ya chuma, ndani kabisa, inayolainishwa na oili ileile ya injini. Cheni haina kilomita maalumu za kubadilishwa. Hubadilishwa ikilegea na kuanza kupiga kelele, na kinachoilegeza mapema ni oili iliyochelewa. Belti unayoiona ukifungua boneti ni ya nje, inazungusha alternata, pampu ya maji na AC. Hiyo ni ya mpira, huzeeka, na ukiona nyufa ubadilishe, lakini bei yake haikaribii 14,000.

Sitaki kumwita fundi wako mwizi. Corolla za zamani za injini ya 5A na Starlet za 4E zilikuwa na belti kweli, na wengi wetu tulijifunzia hizo. Muulize kwa upole akuonyeshe hiyo belti iko wapi kabla hujatuma pesa. Akikuambia injini hii ni ya cheni na alijichanganya, endelea naye. Akizidi kusisitiza, tafuta fundi mwingine.

(Mwenye Subaru Forester ya injini ya EJ asisome hapa akashangilia. Yake ina belti, na ikikatika gari likiwa mwendoni vali hugongana na pistoni. Huko usicheleweshe.)

Sasa lita zako 5. Injini yako ukibadilisha oili pamoja na filta huchukua lita 3.7. Mara nne kwa mwaka unanunua lita 20, injini inatumia chini ya 15. Zile 5 na ushei ziko wapi? Kama zinamiminwa zote ndani, ni vibaya zaidi: oili ikizidi, mhimili wa injini huipigapiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Kwa hiyo nunua mkebe wa lita 4, na kile kinachobaki uende nacho nyumbani kwa kuongezea.

Jifunze pia kusoma kijiti cha oili. Gari likiwa sehemu tambarare, zima injini, ngoja dakika 5. Vuta kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kivute tena. Mara ya kwanza hudanganya kwa sababu oili imerukia juu. Mara ya pili ndiyo ya kuamini. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Fanya hivyo kila Jumamosi, na hasa mbele ya fundi kabla hujaondoka gereji.

Kuhusu muda, miezi mitatu haitoshi kuwa kipimo. Ni kilomita ngapi? Ukitumia oili ya sinthetiki ya 5W-30 (namba ya uzito wake) yenye alama ya ubora ya API SN au SP, watu wa nchi zenye barabara wazi huenda hadi 10,000. Mimi kwa gari la Nairobi nasimamia 7,000. Ukikaa saa nzima kwenye msongamano kutoka Githurai hadi Muthaiga, mileji inasonga kidogo lakini injini imefanya kazi saa nzima, ikiwa na joto. Oili ya kawaida isiyo sinthetiki, 5,000.

Na uwe macho na oili bandia. Kuna vijana hupita gereji kwetu wakinunua mikebe mitupu. Mkebe ulio na kifuniko na lebo safi wanaulipia vizuri. Uliotobolewa hawautaki. Hilo peke yake linakuambia mikebe hiyo inakwenda kufanya nini. Nunua kwa msambazaji anayejulikana au kwenye kituo cha mafuta, kata muhuri mwenyewe, na sevisi ikiisha choma bisibisi kwenye tumbo la mkebe. Kwangu hakuna mkebe unaotoka mzima.

Binti yangu, nina Nissan Note yenye giaboksi ya CVT. Giaboksi ilikuwa safi. Fundi alibadilisha oili yake akatia ile nyekundu ya magari ya kawaida, akasema ni ileile na ni nusu bei. Sasa nikipanda mlima wa kuja Ngong injini inapiga kelele na gari haliendi. — Mzee wa Ngong

Shikamoo, mzee wangu. Nasikitika, na nitakujibu moja kwa moja kwa sababu hapa siku zina maana. Usiliendeshe tena mlimani. Livutwe hadi gereji inayoijua CVT, oili yote imwagwe, itiwe ile sahihi, gari liendeshwe kidogo, kisha imwagwe tena na kutiwa mpya, kwa sababu kumwaga mara moja hakutoi yote.

Ndani ya CVT hakuna gia kama tulizozoea. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza na bila kulika. Ile nyekundu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkanda unateleza, unachuna puli, na vumbi la chuma linaenda hadi kwenye vali za giaboksi. Nissan wana oili ya NS-2 kwa CVT za awali na NS-3 kwa zile za baadaye. Jina lililo kwenye kitabu cha gari lako ndilo la kununua, hata likigharimu mara mbili.

Nimewafundisha wasomaji kukata mistari kwenye makadirio, lakini oili ya giaboksi, oili ya breki ya kila miaka miwili na kulanti, yale maji ya kupoza injini, havimo kwenye hiyo mistari. Wala usimwache mtu aongeze maji ya mfereji kwenye radieta kila wiki akiita hiyo ni huduma. Maji yakipungua, kuna pahali panavuja.

Tuandikie tena baada ya kumwaga mara ya pili. Nataka kujua limepanda.

Nikipeleka spea zangu mwenyewe kwa fundi, si nitaokoa? — Umoja

Utaokoa, ukinunua kwa namba ya chesisi na si kwa jina la gari. Piga picha logibuku yako, nenda nayo Kirinyaga Road asubuhi, uliza maduka matatu, usiende na fundi. Fundi akikupeleka dukani, mara nyingi na chake kiko ndani ya bei.

Uliza kwa jina la mtengenezaji. Watengenezaji wa magari hawaundi kila kitu wenyewe: Denso na Aisin huiuzia Toyota spea nyingi, plagi za NGK na shoksi za KYB hutoka kiwandani zikiwa ndani ya magari mengi ya Kijapani. Spea ileile kwenye boksi la mtengenezaji huwa na bei nafuu kuliko kwenye boksi lenye nembo ya gari. Za mitumba kutoka Japani nunua taa, kioo cha pembeni, mlango, hata alternata ikipimwa mbele yako. Breki pedi, belti, filta na tairi, mpya tu.

Mama Fundi, kila nikiomba nirudishiwe spea zilizotolewa, mafundi hununa kana kwamba nimewaita wezi. Nifanyeje nisiwaudhi? — Mama wa Buruburu

Mama, hauombi hisani. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari, na mambo ya makadirio na ya kurudishiwa spea zilizotolewa yamo humo. Spea iliyobadilishwa bure chini ya waranti ndiyo hurudi kwa kampuni.

Lakini naelewa hutaki ugomvi na mtu aliyeshika breki za gari linalobeba watoto wako. Siri ni wakati wa kusema. Ukisubiri jioni, gari limeoshwa na bili imeandikwa, ombi lako linasikika kama shutuma. Sema asubuhi, unapompa ufunguo, kwa sauti ya kawaida: "Fundi, zile za zamani niwekee kwenye maboksi ya zile mpya." Kwa sentensi hiyo unapata vitu viwili, spea ya zamani na boksi la mpya, na fundi anajua tangu asubuhi kwamba jioni utaangalia.

Ukizipata, ziangalie palepale. Pedi ya zamani ipime kwa rula ya mtoto. Filta ya hewa iinue ielekee jua kama nilivyomwambia Mwalimu. Plagi ilinganishe na mpya: ile ncha ikiwa bado kali na nyeupe-kahawia, ilikuwa na maisha, na plagi za iridiamu hufika hata kilomita 100,000. Usiseme kitu siku hiyo. Andika kwenye daftari la gari, tarehe na kilomita, na mara ya pili ikitokea vilevile utakuwa na la kumwonyesha.

Oili iliyomwagwa muachie fundi kwenye pipa lake. Usikubali imwagwe kwenye mtaro wa gereji. Mtaro huo unakwenda mtoni.